Kati ya Shamba na Fleti: Shajara ya Mradi wa Picha, Nairobi na Viunga Vyake

Januari

Mradi umeanza. Kazi yenyewe ni kuchagua vituo kwenye barabara zinazotoka Nairobi, kusimama hapo na kamera, kuandika kilichopo pamoja na maneno ya wanaoishi hapo, kisha kurudi baada ya muda na kupiga tena kutoka palepale. Picha ya mara moja kila mtu anayo kwenye simu. Kurudi ndiko kugumu.

Mahali pa kuanzia hapakunisumbua. Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, ubavuni mwa Nyayo House, kuna jengo la mawe lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Lilijengwa mwaka 1913, na hapo ndipo palipowekwa alama ya sifuri, umbali wa miji mingine ukapimwa kutoka hapo. Siku hizi ni Nairobi Gallery, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Nafuata barabara tano kutoka hapo: ya Thika hadi Juja, ya Kangundo hadi Joska, ya Mombasa na tawi lake la Namanga hadi Kitengela, ya Ngong, na ile ya Waiyaki Way inayopanda Kikuyu na Limuru.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Miaka kumi nyuma walikuwa milioni 3.1. Hesabu hiyo inaishia kwenye mpaka wa kaunti, ila mji wenyewe uliuvuka mpaka huo zamani. Ruiru, iliyo Kiambu, ilikutwa na watu 490,120 katika sensa hiyohiyo, ikawa mji wa nne kwa ukubwa nchini. Wengi wao huamka kabla ya alfajiri kupanda matatu ya kwenda tao. Mtu akipiga picha za Nairobi bila Ruiru, Rongai na Kitengela, amepiga ofisi akaacha nyumba.

Albamu za zamani za maeneo haya zinaonyesha mashamba. Matangazo ya siku hizi yanaonyesha maghorofa. Katikati kuna miaka mitano, wakati mwingine kumi na mitano, ambapo shamba limekoma kuwa shamba na mtaa haujawa mtaa, na miaka hiyo haina mpiga picha. Hakuna anayepanga familia yake mbele ya uzio wa mabati. Lakini ni katika miaka hiyo ndipo mambo makubwa huamuliwa: nani anauza na nani anabaki, njia ya miguu itapita wapi, mto utaachiwa nafasi kiasi gani, shule itajengwa au itasahaulika. Hatua hiyo ya katikati ndiyo ninayoitafuta.

Februari

Nimeshinda upande wa Barabara ya Thika, na ninadhani nitarudi huko kuliko kwingine kokote.

Upanuzi wa barabara hiyo ulikamilika mwaka 2012, kilomita 50 hivi, njia nane sehemu iliyo pana zaidi. Watu husema barabara ndiyo iliyoyamaliza mashamba ya kahawa ya Ruiru na Juja. Ilichangia, lakini kahawa ilikuwa imeanza kuumwa kitambo. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka. Kenya ilikuwa imevuna takribani tani 130,000 katika msimu wa 1987/88. Miaka ya karibuni mavuno yamekuwa tani elfu hamsini hivi. Kwa hiyo lami ilipofika, ilikuta mibuni ambayo haikuwa ikimlipa mwenyewe vizuri, na ardhi iliyopanda thamani ghafla. Nayaandika haya kwenye maelezo ya picha kwa sababu picha ya tingatinga peke yake inamfanya mtazamaji adhani mambo yalianza asubuhi ile.

Dalili nimeanza kuzijua kwa mpangilio wake. Kwanza mibuni inaachwa bila kupogolewa, magugu yanafika magotini. Kisha inang'olewa, mashina yanageuzwa kuni. Wapimaji wanakuja na vigingi vya zege vinachomoza kwenye nyasi. Greda linachonga barabara za murram zilizonyooka kama rula. Nguzo za stima zinafuata, na kibao: ploti za futi hamsini kwa mia, hati ziko tayari. Halafu hadiwea ya kwanza, kibanda cha mabati chenye simiti, misumari na waya. Tangi jeusi la maji. Mama anayepikia watu wa mjengo. Baada ya hapo mambo huenda mbio, na ukikaa miezi sita bila kurudi unakuta ukuta.

Kituo changu cha upande wa Juja kimekamata hatua tatu kwa pamoja: kushoto mibuni iliyoachwa, katikati vigingi, kulia fleti yenye nguo zilizoanikwa kwenye roshani. Nilikuwa nimeweka tripodi nikisubiri wingu lipite, mama anayeuza chapati na madondo karibu na hapo akanitazama kwa muda, akaniita.

"Mwanangu, hizo nyumba hazitaenda popote. Piga ile miti kwanza."

Alikuwa akionyesha safu ya migrevilea iliyokuwa mpaka wa shamba. Nikamuuliza kwa nini.

"Wenye msumeno walikula hapa jana."

Nilipiga miti. Tangu siku hiyo, nikifika kituo chochote, kwanza naagiza chakula. Anayewalisha wafanyakazi anajua ratiba ya shamba kuliko bango lolote, na anajua pia ni nani hajalipwa.

Upande wa Ruiru nimempata mzee aliyefanya kazi kwenye shamba la kahawa tangu ujana wake na kuishi kwenye nyumba za laini za wafanyakazi. Wote hapo wanamwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, nami pia. Nilimwomba asimame kando yangu, nyuma ya kamera, aniambie anachokiona. Akaanza kupanga mahali upya kwa kidole. Pale penye kituo cha bodaboda palikuwa na fakitari ya kumenya buni. Kwenye geti la fleti ya kijani, hapo ndipo vibarua walipanga foleni jioni kupimiwa, maana malipo yalikuwa kwa debe.

"Ukijaza debe ukapiga chini, buni zinashuka. Karani anakwambia ongeza. Wanawake walijua kumwaga polepole," alisema.

Mazungumzo yote niliyarekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na nikamsikilizisha kabla ya kuondoka ili aseme kama kuna kitu cha kufuta. Kulikuwa na jina la mtu, tulilifuta. Rekodi hiyo sasa ina namba ileile ya picha, na mtu akiifungua picha ya kituo hicho ataisikia. Mimi naona kwamba nusu ya picha iko hapo. Fakitari haionekani tena kwa macho. Bila Guka, ninachopiga ni pikipiki zilizoegeshwa.

Kazi ndogo ya pembeni imezaliwa huku: maandishi ya kutani. SHAMBA HII HAIUZWI yameandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mageti, kwenye kuta, hata kwenye shina la mti. Mwenye nyumba huyaandika kuwaonya wanunuzi, kwa sababu matapeli huuza ardhi ya mtu akiwa kazini au akiwa mashambani kwao. Nayapiga yote kutoka mbele, kwa umbali mmoja, bila kupamba. Na alama za X zinazochorwa kwenye majengo yaliyojengwa kwenye hifadhi ya barabara, hizo nazo. Kuta za pembezoni mwa mji zinazungumza, na rangi hupakwa upya haraka.

Machi

Mambo ya ufundi, kwa wanaotaka kufanya kazi ya aina hii kwao.

Nairobi iko nyuzi moja na ushei kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Mwishoni mwa Machi na Septemba liko karibu utosini. Maana yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini unang'aa Juni na kuwa kivuli Desemba. Ukilinganisha picha mbili za miezi tofauti, macho yatakwambia jengo limechakaa kumbe ni jua limehama. Kwa hiyo kila kituo kina mwezi wake na saa yake, na narudi mwezi huohuo, saa ileile. Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati ya hapo nafanya mahojiano.

Lenzi ni moja tu, milimita 35, na sibadilishi. Tripodi iko kwenye urefu wa macho yangu. Kitundu f/8. Rangi nasahihisha kwa kadi ya kijivu.

Kurudi kwenye nukta ileile kunahitaji zaidi ya ramani ya simu, ambayo hukosea mita kadhaa, na mita kadhaa zinatosha kuuficha mti nyuma ya nyumba. Natafuta vitu viwili vinavyopangana kwenye mstari mmoja, kimoja karibu kimoja mbali, halafu vingine viwili upande wa pili. Mistari inapokatana ndipo miguu yangu ilipo. Shida ni kwamba hapa vitu vya karibu huondolewa. Nguzo hung'olewa, kona ya ukuta hubomolewa. Kwa hiyo kila kituo kina angalau kilele kimoja cha mlima: milima ya Ngong kwa vituo vya kusini na magharibi, Kilimambogo kwa vya Juja na Kangundo. Kilele nakipanga na kitu cha mbali kidogo ambacho hakiwezi kutoweka kwa urahisi, mnara wa kanisa au tangi la maji la mji.

Droni sitatumia. Kurusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Safari za Ndege, na pia nataka picha za urefu ambao watu hutazamana.

Aprili na Mei

Mvua. Nimefanya kazi kidogo, na nyingi kando ya Mto Mathare.

Mwaka 2024 mafuriko yaliua watu wengi nchini, na Mathare ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi hapa mjini. Baadaye serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame, na nyumba zikabomolewa. Ukanda ule sasa ni kituo cha mradi. Napiga nikiwa darajani, juu na chini ya mkondo, na kwenye maelezo naandika kimo cha maji na kilichopo kwenye ukanda: mboga, taka, uwanja wa mpira wa watoto, mabati mapya.

Sura za watu hapa sipigi. Watu hawa walipigwa picha siku mbaya kuliko zote za maisha yao, na wengi hawakuulizwa. Anayetaka kupigwa ananiita mwenyewe, anachagua mahali pa kusimama, na nakala yake ya karatasi namletea mkononi. Faragha inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wapiga picha wenzangu wanaolalamika kwamba sheria hiyo inabana kazi siwaungi mkono. Imetufundisha kuuliza kwanza.

Juni na Julai

Mawingu ya Julai yametanda na milima haionekani kabisa, kwa hiyo vituo vya mbali vimesimama. Nimegeukia albamu.

Familia za Ruiru, Kikuyu na Kaloleni zimeniruhusu kukaa mezani kwao na skana. Sibebi picha ya mtu kwenda nayo nyumbani. Inaskaniwa hapohapo, mwenyewe akiangalia. Kila picha huskaniwa pande mbili, maana nyuma ndiko kuna muhuri wa studio, tarehe, na mwandiko: "Kwa dada, Krismasi, hapa ni nyumbani kwetu." Nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF, jina lake mahali-mwaka-namba. Kwa anayejua mwaka wa karibu tu naandika muongo, sikisii.

Ninachotafuta kwenye albamu ni nyuma ya watu. Bibi harusi amesimama mbele, na nyuma yake, bila mtu kukusudia, kuna mteremko wa kahawa, mfereji, bomba la kijiji, barabara ya vumbi. Shosho mmoja wa Kikuyu aliponiona nimekikuza kipande cha nyuma cha picha ya ubatizo wa mwanawe, alivaa miwani, akanyamaza, kisha akaanza kutaja majina ya wenye mashamba, moja baada ya jingine, hadi chini kwenye bwawa la Ondiri, linakoanzia Mto Nairobi. Mabinti zake hawakuwahi kuyasikia. Tuliandika hadi chai ikapoa.

Jinsi ya kutunza yote haya ndilo jambo linaloninyima usingizi. Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935 na kuuawa vitani Biafra, Nigeria, mwaka 1968 akiwa kazini, alipiga nchi hii ikielekea uhuru. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuja kukutwa gerejini hapa mjini miongo kadhaa baada ya kifo chake. Ilikuwa bahati kwamba hapakuvuja. Nakala zangu ni tatu: diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila mwaka nitazifungua zote kuona kama zinasomeka. Na kila picha inayochaguliwa inachapishwa kwenye karatasi, maelezo yake nyuma kwa penseli.

Kwa kupanga ni wapi nielekee, natumia picha za setilaiti za Landsat, zinazoanzia mwaka 1972 na ambazo ni za bure. Zinanionyesha shamba lipi limekatwa na karibu mwaka gani. Aliyelipalilia alihamia wapi, hilo lazima nikaulize kwa miguu.

Agosti

Kitengela. Hapa hatua ya katikati ina sura nyingine, kwa sababu kilichokuwapo kabla ni malisho, si mazao.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ina kilomita za mraba 117. Imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini uliachwa wazi, mtoni, ili wanyama watoke kwenda nyanda za Athi na Kapiti msimu wa mvua na kurudi kiangazi. Katika miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo walikuwa makumi ya maelfu. Wamebaki wachache mno. Ranchi za pamoja ziligawanywa, kila familia ikapata hati yake, ua ukafuata hati. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua. Ukiilinganisha pesa hiyo na bei ya ploti moja Kitengela, huhitaji kumlaumu mfugaji.

Kwa hiyo napiga ua. Seng'enge za nyaya tatu, za nyaya saba, za miiba ya mti, za minyaa, kuta za mawe. Mzee mmoja wa Kimaasai aliniruhusu kutembea naye nyuma ya ng'ombe. Njia aliyofuata ilipinda kila baada ya mwendo mfupi. Zamani, alisema, ilikuwa imenyooka hadi mtoni. Nilimwomba asimame kwenye kila kona nami nikapiga kila kona. Picha hizo zikipangwa kwa mfuatano zinaeleza ugawaji wa ardhi vizuri kuliko ramani niliyoinunua.

Septemba

Nimerudi katikati ya mji. Barabara ya juu ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa kwa magari Mei 2022 na imebadilisha jinsi mji unavyoonekana kutoka chini. Ile picha ya kadi za posta, jumba refu la mikutano la KICC lililokamilika mwaka 1973 likisimama peke yake juu ya miti, sasa mahali pengi imekatwa na mstari wa zege. Nimeweka vituo chini ya nguzo, saa za watu kutoka kazini, maana watembea kwa miguu wamepata kivuli na wauzaji wamepata paa ambalo hakuna aliyewapangia. Mti wa mugumo wa Waiyaki Way, uliookolewa kwa tamko la Novemba 2020 baada ya wananchi kupinga kukatwa kwake, nao una kituo chake.

Kaloleni nimepita kwa haraka: nyumba za miaka ya 1940, nyasi katikati, ukumbi. Inahitaji mradi wake peke yake, na mtu aliyezaliwa pale aufanye.

Oktoba na mbele

Kituo kinachofuata ni machimbo ya Ndarugu, karibu na Juja, zinakokatwa zile tofali za mawe zinazojenga karibu kila fleti ninayoipiga. Nataka picha ya shimo iwe kando ya picha ya ukuta, kwa ukubwa sawa. Baadaye Ndakaini, Murang'a, bwawa linalobeba mita za ujazo milioni 70 ambalo hutoa sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Nairobi. Nitasimama upande wa wanakijiji.

Natafuta picha za familia zilizopigwa nje ya nyumba kati ya Githurai na Juja kabla ya 2012, na za Kitengela kabla ya 2000. Hata iliyofifia, hata ya mbio, hata ambayo kichwa cha mjomba kimekatwa. Kabla ya kuionyesha kwangu au kwa mwingine, chukua penseli, geuza nyuma, andika mahali, mwaka wa karibu, na majina kutoka kushoto kwenda kulia. Kama aliyepiga yuko hai, mpigie leo umuulize alisimama wapi.